MWENYEZI NI MMOJA TU: NENO KWA WAPENZI WA MPIRA

Masomo: 1 Wakorintho 1:10-13, Luka 12:22-31, Matendo ya Mitume 19:23-41



Neno hili nililitoa kwanza kwa mdomo, Siku ya Bwana iliyofuata derbi. Baada ya ibada wengine waliniomba niliandike katika gazeti letu. Wengine waliniomba nisiliandike hata kidogo. Nimewasikia wale wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Katika fanfari ya parokia yetu kuna mapapa wawili. Mmoja anapiga ngoma kubwa, mwingine anapiga sahani. Wamesimama pamoja miaka mingi; kati ya ngoma na sahani hakuna hata hatua mbili, na mnajua wenyewe kwamba sahani zikichelewa kidogo ngoma inabaki kama mtu aliyesahauliwa njiani. Watoto wao wamekua pamoja. Mmoja alimzika mama ya mwingine. Na tangu derbi ya mwisho hawasalimiani. Wa ngoma ni mtu wa Mazembe, wa sahani ni mtu wa Lupopo. Jioni ile, pale wanapongoja basi, mbele ya watoto, maneno yalitoka. Neno moja lilimgusa marehemu baba ya mtu, na hilo sitaliandika. Juma lililofuata, papa wa ngoma alikuja ofisini kwangu, kofia mkononi, akaniomba nimhamishe aende kwa wapiga filimbi. Ana miaka 58. Hajawahi kupuliza filimbi maisha yake yote.

Nilicheka, wapendwa. Kisha alipotoka nilifunga mlango na sikucheka tena.

Mtume Paulo alikuwa mbali na Korintho alipopata habari za namna hiyo. Nani alimpelekea? Watu wa nyumba ya mama mmoja, jina lake Kloe. Kila parokia ina Mama Kloe wake. Wa kwetu anauza unga karibu na mlango wa kanisa na hakuna kinachompita. Basi watu wa Kloe walimwambia Paulo kwamba ndugu wamegawanyika: huyu anajiita wa Paulo, yule wa Apolo, yule wa Kefa. Angalieni vizuri. Paulo hakuwa mtu mubaya. Apolo alikuwa mhubiri mwenye nguvu. Kefa ni Petro mwenyewe. Hakuna aliyechagua kitu kibaya. Walichukua kitu chema wakakigeuza ukuta, wakasimama nyuma yake wakirushiana mawe.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba mpira ni wa shetani. Wako wahubiri katika mji huu wanaosema hivyo, na wengine wao nimewaona kiwanjani. Paulo huyo huyo, katika sura ya tisa ya barua ile ile, anasema juu ya wale wanaoshindana mbio na juu ya mpiga ngumi anayepiga hewa. Mtu hawezi kujua kwamba kupiga hewa kunachosha kama hajasimama siku moja akatazama. Wakorintho walikuwa na michezo mikubwa karibu na mji wao, na Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Mimi naamini alitazama. Naamini hata alikuwa na mmoja aliyempenda ashinde.

Vijana, pokeeni historia kidogo, kwa sababu mnaimba majina msiyoyajua. Mwaka 1939 mapadre Wabenedikto walianzisha timu ya vijana katika mji huu uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Waliita Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul. Ndiyo, ya Paulo! Wale wa Mazembe wanaojivuna leo kwamba wao ni wa Mazembe, baba zao walisema kwa mdomo wao wenyewe, mimi ni wa Paulo, kama watu wa Korintho. Kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Hivyo mpira ukabeba jina la mpira. Mwaka ule ule wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, na hata sasa wanaitwa Cheminots. Saint Éloi ni mtakatifu ambaye Wakatoliki wamempa mafundi wa chuma. Baba yangu alifanya kazi ya reli. Basi mnajua sasa mimi ni wa wapi, na mnisome mkijua hivyo.

Lakini mwaka 1939 katika mji huu kulikuwa na mtu mwingine. Papa Simon Kimbangu alikuwa gerezani hapa hapa Elisabethville. Alikamatwa mwaka 1921, akahukumiwa, akaletwa Katanga mbali na watu wake, akakaa miaka 30 katika kifungo mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1951, akafa hapa. Vijana wa Saint-Georges walipofunga bao lao la kwanza, yeye alikuwa amekwisha kukaa kifungoni zaidi ya miaka kumi na saba. Mara nyingi nikisikia kelele za bao zikivuka barabara na kuingia ndani ya nyumba, nawaza kelele hizo hizo zikivuka ukuta wa gereza. Yeye hakuwa na wa kumpigia makofi. Ninawauliza: ninyi mnaojua tarehe ya kila kombe, je, watoto wenu wanaijua tarehe niliyoandika hapa juu?

Sasa nije kwa jina. Timu ya Englebert, ilipomaliza mashindano bila kushindwa, ilijiongezea jina la Tout Puissant. Ndiyo zile herufi mbili T na P mnazoziandika kwenye kuta, kwenye kinga, kwenye mikono ya watoto. Kwa Kifaransa neno linapita mdomoni kama maji. Haya, tulitafsiri. Semeni kwa Kiswahili: Mwenyezi amefungwa mabao mawili kwa sifuri. Mwenyezi ameumia goti. Mwenyezi amemfukuza kocha. Mnaona? Ulimi unakataa wenyewe. Yule anayetajwa katika Zaburi ya 121 hasinzii wala halali usingizi; hafungwi dakika ya tisini.

Sisemi jina liondolewe. Si kazi yangu, wala walioliweka hawakukusudia kumtukana Mungu. Walikuwa vijana wenye furaha. Ninasema tu kwamba mtu anayelia Tout Puissant kwa sauti yote Jumapili mchana, na asubuhi yake alikuwa anasinzia katika maombi, ajiulize ni yupi alimwita kwa moyo wote siku hiyo. Na ninyi watu wetu wa Lupopo msicheke. Mmebeba jina la mtakatifu, na matusi yanayotoka upande wenu wa kiwanja, mtakatifu yule angeyasikia angerudi kufua chuma.

Kuna jambo la kunguru pia. Mazembe wanaitwa Kunguru, na Bwana Yesu aliwataja kunguru katika Luka 12: hawapandi, hawavuni, hawana ghala, na Mungu anawalisha. Zamani za Eliya kunguru walimletea nabii mkate na nyama asubuhi na jioni. Huyo ndiye kunguru wa Biblia, analeta mkate nyumbani. Lakini mama mmoja alinieleza juu ya kunguru wa kwake. Feza ya mwezi inaingia siku ya Ijumaa. Kabla ya Jumapili usiku imekwisha kugawanywa: tiketi, basi la kwenda na kurudi, jezi mpya kwa sababu ya zamani imepauka, na ile karatasi ya kubahatisha matokeo ambayo mume anasema siku moja itawajengea nyumba. Bukari ipo, alisema mama, lakini mboga ni hadithi. Karo ya mtoto wa tatu haijalipwa. Na mume huyo anajua kwa kichwa wachezaji wote 11 wa mwaka 1968! Aliuliza mtoto wake yuko darasa gani, akakosea.

Mimi nilijua kumkemea papa huyo. Ilikuwa rahisi, kwa sababu ni wa Mazembe. Ni kwa ajili hiyo lazima niwaeleze jambo langu mwenyewe, ambalo mpaka sasa ni watu wa nyumba yangu tu walilijua.

Mnakumbuka mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010. Mazembe, mabingwa wa Afrika, walikwenda Abu Dhabi kwa kombe la dunia la klabu. Waliwapiga Pachuca wa Mexico bao moja kwa sifuri. Tarehe 14 waliwapiga Internacional wa Brazili mawili kwa sifuri. Hakuna timu yoyote kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imefika fainali ile kabla yao. Watoto wote wa parokia walikuwa wanaruka kwa matako uani kama mlinda mlango Kidiaba, mpaka akina mama wakalalamika juu ya suruali. Mji ulikuwa mji mmoja. Hata watu wa Lupopo wengi walisema, sasa hivi wote ni watoto wa Lubumbashi.

Mimi sikusema hivyo. Jumamosi tarehe 18, kabla ya fainali na Inter ya Milano, niliingia chumbani nikapiga magoti. Nilivua viatu kama inavyotupasa. Nikamwomba Mungu Mazembe wafungwe. Ndugu zangu, niliomba! Niliomba kwa nguvu ambayo sikuwa nayo asubuhi nilipomwombea mgonjwa. Jirani yangu ng'ambo ya ukuta, Mkristo, mtu aliyenikopesha sementi, nilikuwa ninaiombea furaha yake ivunjike mbele ya watoto wake. Nilifunga maombi kwa jina la Yesu.

Inter walifunga matatu kwa sifuri. Na mimi nikacheka kitandani peke yangu, mkono mdomoni, ili jirani asisikie.

Nikasikia kelele za namna nyingine. Mwamuzi wa mechi ile alikuwa Mjapani. Watu katika mji wetu walisema amewaonea Mazembe, na kwa kuwa Mjapani hakuwapo, walikwenda kupiga maduka ya Wachina. Mnaelewa ninachosema? Mtu wa nchi moja amepuliza filimbi Abu Dhabi, na mtu wa nchi nyingine anavunjiwa vioo Lubumbashi. Ni kama mtu akosewe na Mzambia, akampige Mwangola. Wachina wale walikuwa wanauza sandali na vibiriti. Wengine hawakujua hata kwamba kuna mechi.

Siku mbili baadaye, mke wangu alikuwa anafagia chumba cha watoto akakuta chini ya kitanda termosi mpya, nyekundu, yenye maua, karatasi bado imefungwa shingoni. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na miaka 16. Alikuwa mpiga filimbi, na alijua Amri Kumi mbele na nyuma. Nilimwita. Hakudanganya. Alisema, “Papa, wote walikuwa wanachukua.”

Nilinyanyua mkono nimpige. Akanitazama akasema kwa sauti ndogo, “Papa, wewe ulicheka. Nilikusikia.”

Mkono wangu ulishuka. Ukuta wa nyumba yetu ni tofali moja tu. Mtoto alisikia maombi yangu pia. Alikuwa amenisikia mchungaji wake, baba yake, akimpa Mungu kazi ya chuki kwa jina la Yesu, kisha akatoka nje akaona watu wanaifanya kazi ileile kwa mawe. Kwa nini angefikiri kwamba ni kazi mbili tofauti?

Walawi 19, mstari wa 33 na wa 34: mgeni anayekaa katika nchi yenu msimwonee; mpendeni kama nafsi zenu, kwa sababu ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri. Nilimsomea, na nilijisomea. Kesho yake tulikwenda, yeye na mimi, termosi ndani ya mfuko. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu. Vioo vilikuwa vimefagiwa upande mmoja, na badala ya kioo cha mbele kulikuwa na mbao. Mama Mchina aliyekuwa ndani alisimama haraka alipotuona, mwanaume mmoja na kijana mmoja. Mtoto wangu alitoa termosi akaiweka juu ya meza. Nilianza kusema maneno niliyoyatayarisha, ya toba na ya aibu, Kiswahili kizuri cha kanisani. Hakuelewa kitu. Aliishika termosi, akaigeuza, akatazama chini yake, akasema:

“Bei gani?”

Alifikiri tumekuja kumuuzia.

Sijapata kuhubiriwa namna ile tangu nizaliwe. Mtoto alisema, “Hapana, Mama. Ni ya kwako.” Akamwonyesha kwa kidole: yako. Yule mama aliitazama tena, akatutazama, akaiweka juu ya rafu ambayo haikuwa na kitu kingine. Hakusema asante, wala hakutakiwa kuisema. Kisha akaendelea kufagia, na mtoto wangu akachukua ufagio mwingine. Tulikaa pale mpaka saa sita.

Mtoto huyo leo ni baba wa watoto wawili. Amenipa ruhusa ya kuandika, kwa sharti niandike na cheko langu. Nimeandika.

Someni sasa Matendo 19. Katika mji wa Efeso watu waliingia kwa ghasia ndani ya ukumbi wa michezo, wakalia sifa za mungu wao wa kike muda wa saa mbili. Saa mbili, wapendwa, ni mechi nzima na mapumziko na dakika za nyongeza. Na Luka, ambaye ni mganga na anaandika bila kuongeza chumvi, anasema wengi wao hawakujua wamekusanyika kwa ajili gani. Kila nikilisoma neno hilo naiona tarehe 18. Lakini mwanzo wa ghasia ile Luka anaujua vizuri: ni Demetrio, mfua fedha, aliyeona biashara yake inapungua. Nyuma ya kelele za wengi kulikuwa na mfuko wa wachache. Wale wenye siasa wanaokuja kiwanjani wakati wa uchaguzi tu, na mashati ya bure mikononi, mtawajua wenyewe. Sina haja ya kukaa hapo.

Aliyetuliza Efeso hakuwa nabii wala mtume. Alikuwa karani wa mji, mpagani. Aliwaambia warudi nyumbani kabla hawajafanya jambo wasiloweza kulijibu. Ni aibu kidogo kwetu, mpagani kuwa na akili siku ambayo sisi hatunayo.

Mjue pia kwamba jambo hili linaua. Tarehe 11 mwezi wa tano mwaka 2014, Kinshasa, katika kiwanja cha Tata Raphaël, V.Club walicheza na Mazembe. Mazembe walikuwa mbele kwa bao moja. Mawe yakaanza, polisi wakapiga moshi wa kutoa machozi, watu wakakimbilia milango, na 15 hawakurudi nyumbani. Watu 15 waliaga wake zao wakisema tutaonana jioni. Na mwezi wa tisa mwaka 2008, huko Butembo, mechi ilisimama kwa sababu mchezaji alidhaniwa anafanya dawa uwanjani. Ghasia ikaanza, moshi wa polisi, msongamano, na zaidi ya watu kumi wakafa, wengi wao vijana.

Hapa nasema na ninyi wa kanisa hili waziwazi, kwa sababu katika dawa sisi hatuna nusu njia. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi, watu walitupa hirizi zao njiani mpaka zikawa malundo. Sasa nasikia kwamba mtu wa kwetu, mwenye kadi ya kanisa, anatoa franga zake katika mchango wa wasaidizi wa timu, na anajua kabisa sehemu ya mchango ule inakwenda kwa mganga. Anasema, mimi sikwenda kwa mganga, nilitoa tu. Ndugu, aliyelipia basi amesafiri. Na wale wanaoniletea jezi niziombee kabla ya mechi, wakitaka sala ifanye kazi ya dawa, nimewarudishia jezi zao. Ninaweza kuwaombea wachezaji wasivunjike miguu, wa pande zote mbili. Zaidi ya hapo sina. Siku ya derbi, katika lupangu moja, mtu wa Mazembe anaomba chumba cha mbele na mtu wa Lupopo anaomba chumba cha nyuma. Mungu awasikilize wote wawili namna gani? Anawasikiliza, naamini, kama mama anavyosikiliza watoto wanaogombania kijiko.

Mtaniuliza, basi tufanye nini, tusishindane tena? Lakini sisi ni watu wa nsinsani! Nani anayejua kushindana kuliko sisi? Siku ya nsinsani akina mama wako upande huu, akina baba upande ule, vijana katikati na kelele zao. Fanfari inapiga, watu wanatembea na franga zao mikononi, katibu anasoma hesabu. Akina mama wakitangulia wanapiga vigelegele, na akina baba wanainama wakatafuta tena ndani ya mifuko. Nimeona mzee mmoja akirudi mara nne kwa sababu hakutaka wajane wamshinde. Alirudi nyumbani kwa miguu, hana hata franga ya basi, anacheka. Tunashindana kwa jasho. Lakini jioni, wapendwa, kikapu cha walioshinda na kikapu cha walioshindwa vinamwagwa juu ya meza moja, na hakuna anayeweza tena kusema noti hii ilikuwa ya nani. Nyumba ya Mungu inajengwa na zote. Paa la parokia yetu lina mabati ya walioshindwa pia, na hayavuji zaidi ya mengine.

Nenda kiwanjani, ndugu, kama feza ya nyumbani imekwisha kutolewa kwanza na mke wako ameihesabu. Vaa rangi yako, nyeusi na nyeupe, au buluu na manjano. Imba, lakini wimbo usiomtaja mama wa mtu. Timu yako ikishinda, usipite mbele ya lango la jirani ukipiga sufuria. Pita njia nyingine, hata kama ni ndefu. Ikishindwa, mkeo na watoto hawakuwa waamuzi wa mechi, usiwalipize. Mwaka 2024 binti wa Mazembe walichukua kombe la Afrika la wanawake kule Moroko, na siku ile nilivuka kwenda kwa jirani yangu wa sementi, nikampa mkono juu ya ukuta. Alishangaa. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo, nimeumwa tangu mwaka 2010, ninaanza kupona.

Bolingo ndilo neno la kwanza katika maneno yetu matatu, na linatangulia Mibeko na Misala. Kwa hiyo namaliza na ninyi mapapa wawili, ambao sikuwataja majina na ambao kila mtu anawajua. Ombi la kuhamia kwa wapiga filimbi limekataliwa. Mazoezi ya fanfari ni Jumamosi saa tisa, uani mwa parokia. Ngoma kubwa imewekwa ngozi mpya. Sahani ziko ofisini kwangu ndani ya gunia, pamoja na rungu la ngoma, na ufunguo ninao mimi. Papa wa ngoma aje kuchukua sahani ampelekee mwenzake. Papa wa sahani aje kuchukua rungu. Nitakuwa pale tangu saa nane.